Kijana wangu amekwama mlangoni mwa Debian, nimsaidieje?

"Nafundisha kompyuta chuoni. Nina mwanafunzi mwenye bidii aliyependa programu ndogo ya kusoma takwimu za kituo cha hali ya hewa, akaifungasha kuwa faili la deb, yaani faili la kusakinisha programu kwenye Debian. Inafanya kazi kwenye mashine zote za maabara yetu. Akataka iingie Debian yenyewe, mfumo wa Linux unaotunzwa na watu wa kujitolea, akaomba mdhamini, yaani mwanachama wa kuikagua na kuipakia kwa niaba yake. Mtu mmoja akamjibu kwa orodha ndefu ya kasoro: leseni ya picha, zlib (maktaba ya msimbo ya kubana data) iliyobebwa ndani, vitegemezi visivyotajwa, maonyo ya Lintian, programu ya Debian ya kukagua vifurushi. Akarekebisha, akapakia tena, na tangu hapo kimya, wiki ya sita sasa. Anasema hawataki watu wa huku, na kwamba hata wakimkubali hatapata wa kumsainia ufunguo wake wa kidijitali. Anataka kuachana nao aweke deb yake kwenye tovuti. Mimi natumia Debian siku nyingi ila sijawahi kufungasha. Nimsaidieje? Nimmalizie mwenyewe hizo kasoro?"

Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: usimmalizie. Ukimmalizia, kifurushi kitasogea lakini kijana atabaki pale pale, na siku programu ikitoa toleo jipya atakurudia na orodha nyingine. Kuna msaada mkubwa zaidi unaoweza kumpa, na hauhitaji uwe umewahi kufungasha chochote. Ila kwanza tuelewane kuhusu kile alichoombwa, maana naona nyote wawili mmeipokea ile orodha kama matokeo ya mtihani aliofeli, na sivyo ilivyo.

Kutengeneza faili la deb ni kazi ya dakika chache. Unapanga mafaili kwenye folda, unaandika maelezo mafupi, unaita dpkg-deb, unapata kitu kinachoingia kwenye mashine bila kulalamika. Debian wanataka zaidi ya hapo. Kinachowahusu hasa ni msimbo wenyewe, pamoja na folda ya debian inayoeleza namna ya kuujenga, na kinachomfikia mtumiaji wa kawaida hujengwa upya kwenye mashine zao, tena kwa aina nyingi za prosesa: amd64 ya laptop zenu, arm64, riscv64, hata s390x ya kompyuta kubwa za IBM. Anayeleta kifurushi anajitolea pia kukitunza, yaani kupokea ripoti za kasoro, kufuata matoleo mapya, na kuhakikisha hakivurugi vingine karibu 70,000 vilivyomo kwenye Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Kwa hiyo ile orodha haikuuliza kama programu inafanya kazi. Iliuliza kama itaendelea kujengeka na kurekebishika miaka mitano ijayo, pengine mikononi mwa mtu asiyemjua kabisa kijana wako.

Ukiisoma kwa jicho hilo, kila hoja inapata sababu yake. Chukua zlib. Mwandishi wa programu aliinakili ndani ya msimbo wake ili watu wasihangaike kuitafuta, na kwake ilikuwa ni wema. Mwezi Machi 2022 zlib 1.2.12 ilitoka ikiwa imeziba udhaifu wa usalama unaojulikana kama CVE-2018-25032, uliokuwemo kwenye maktaba hiyo kwa miaka mingi. Katika distro (mfumo kamili wa Linux kama Debian) ambamo programu zote zinatumia zlib moja ya pamoja, timu ya usalama inarekebisha kifurushi kimoja na wote wanapona siku hiyo hiyo. Programu iliyobeba nakala yake tumboni haiponi, na hakuna anayejua kama inaumwa mpaka mtu afungue msimbo wake na kuangalia. Mkaguzi aliposema "toa zlib", alikuwa anawafikiria watu watakaotumia programu hiyo ya hali ya hewa wakati kijana wako ameshahamia kazi nyingine.

Hoja ya vitegemezi inafuata hapo hapo, na hii ningependa uione kwa macho kwa sababu ndiyo inayowapotosha wageni kuliko zote. Kijana alipoondoa zlib ya ndani, alijenga tena kwenye laptop yake na mambo yakaenda sawa. Yalikwenda sawa kwa sababu siku fulani huko nyuma aliwahi kuweka zlib1g-dev kwa kazi nyingine, akasahau. Mashine za Debian hazina historia hiyo. Zinaanza na mfumo mtupu, zinaweka tu vile vilivyoandikwa kwenye mstari wa Build-Depends ndani ya debian/control, na wakati wa kujenga haziruhusiwi kwenda mtandaoni kuchukua kitu. Kule kazi inakatika kwenye mstari mmoja:

fatal error: zlib.h: No such file or directory

Kinachotakiwa ni kuongeza neno moja tu, zlib1g-dev. Lakini kulijua neno hilo kunataka awe amejenga ndani ya mazingira safi, na kazi hiyo hufanywa na sbuild au pbuilder. Kama kuna zana moja ya kumfundisha mgeni mapema kuliko zote, ni hiyo. Anayejenga kwenye laptop yake peke yake anajidanganya bila kujua, na aibu ya kugunduliwa na mtu wa mbali inauma kuliko aibu ya kugunduliwa na mashine yake mwenyewe usiku akiwa peke yake.

Kwa programu yenu kuna jambo jingine la kutazama kabla halijatajwa na mtu. Programu zinazosoma data ghafi kutoka kwenye vifaa mara nyingi huchukulia kwamba baiti zimepangwa kama zinavyopangwa kwenye prosesa za Intel. Kwenye s390x mpangilio ni kinyume. Kama msimbo una majaribio yake, yatapita kwenye laptop na kuanguka huko, na nyuzi 27 za joto zitasomeka kama namba isiyo na kichwa wala miguu. Kosa la namna hiyo si la mfungashaji, ni la mwandishi, na njia sahihi ni kumwandikia mwandishi na kumpelekea kiraka.

Leseni ya picha huonekana kama ukorofi, na ndipo vijana wengi hukasirika. Debian walijiwekea mwaka 1997 masharti ya programu huria, na mojawapo linakataza leseni kubagua aina ya matumizi, ikiwemo biashara. Picha yenye leseni ya Creative Commons inayozuia biashara haiwezi kuingia kwenye sehemu kuu, hata kama msimbo wote uko chini ya leseni huria ya GPL. Kifurushi kipya kikishadhaminiwa hupita kwanza kwenye foleni ambapo watu wachache wanakagua haki miliki, na faili moja lisilotajwa ndani ya debian/copyright linatosha kukirudisha. Dawa yake ni nyepesi: amwandikie mwandishi aibadilishe leseni, au atafute picha nyingine. Kuhusu Lintian sina mengi. Ni programu ya kukagua, si hakimu. Kila onyo aombe maelezo yake kwa lintian -i, arekebishe yanayostahili, na asiyafiche kwa nguvu yale asiyoyaelewa.

Sasa tuje kwenye kimya, maana ndicho kinachomvunja moyo. Katiba ya Debian inasema wazi kwamba hakuna mtu anayelazimika kufanya kazi yoyote kwa ajili ya mradi. Wote wanajitolea, wadhamini wakiwemo. Hakuna ofisi yenye zamu ambamo ombi lake limelala juu ya meza ya mtu. Aliyemkagua mara ya kwanza anaweza kuwa na mtoto mchanga, au msimu wa kazi nyingi, na hakuachia mtu foleni yake. Ni kweli wanachama wengi wako Ulaya na Amerika Kaskazini, na mgeni asiye na mtu anayemjua anasubiri zaidi kuliko yule aliyewahi kunywa chai na mdhamini. Hilo silikatai, na ni uzito halisi kwa vijana wetu. Lakini wiki sita za kimya huwapata hata wageni wa Berlin, na mtu asiyekutaka hakai chini kukuandikia orodha ndefu ya makosa yako moja moja.

Kuna pia uzito ambao mgeni hauoni. Mdhamini anatia saini kwa ufunguo wake mwenyewe, na kifurushi kinapowekwa, vijiprogramu vyake vya usakinishaji vinaendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, kwenye mashine za watu asiowajua. Mwaka 2006 mistari michache iliondolewa kwenye OpenSSL ya Debian, maktaba ya usimbaji fiche, kwa sababu zana ya kukagua kumbukumbu iliilalamikia. Aliyeiondoa alikuwa ameuliza kabla kwenye orodha ya barua pepe ya waandishi wa OpenSSL, na hawakumzuia. Ilipogunduliwa Mei 2008, ilionekana kwamba karibu nasibu yote ya funguo ilikuwa imepotea, kikabaki kiasi cha uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Watu duniani kote, wa Ubuntu wakiwemo, wakalazimika kutengeneza funguo upya. Halafu Machi 2024 ikaja habari ya xz, programu ya kubana data: mtu aliyetumia jina Jia Tan alijenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili ndani ya mradi huo mdogo, kisha akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund aliugundua kwa kushangaa tu kwamba kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kumechelewa kwa karibu nusu sekunde. Ulikuwa umeshafika kwenye matawi ya majaribio ya Debian, ila haukufika toleo imara. Baada ya hapo, mdhamini makini anamtazama kila mgeni kwa utulivu zaidi, awe wa Mbeya au wa Boston. Mweleze kijana historia hiyo. Itamsaidia kuona kwamba anachoombwa ni uaminifu, na uaminifu unajengwa kwa vitendo vidogo vinavyoonekana.

Kuhusu ufunguo, hapo amejitia hofu kabla ya wakati. Ili kifurushi chake kidhaminiwe anahitaji ufunguo wa kidijitali wa GPG wa kwake tu, wa kutia saini anachopakia kwenye tovuti ya mentors.debian.net. Hautakiwi kuwa umesainiwa na mtu yeyote. Saini ya mwanachama wa Debian inakuja baadaye, akiomba kuwa Debian Maintainer, ngazi iliyoanzishwa 2007 ili mtu apakie mwenyewe vifurushi alivyoruhusiwa. Hapo ndipo ana kwa ana inapohitajika: mtu amuone, aone kitambulisho chake, asaini. Tovuti ya wiki ya Debian ina ukurasa wa watu waliojitolea kusaini, nchi kwa nchi, na mkutano wa kila mwaka wa DebConf, ambao 2016 ulifanyika Cape Town, hutoa ufadhili wa nauli na malazi kwa wanaoomba mapema. Hata mwanachama anayepita Nairobi au Dar es Salaam kikazi anaweza kuombwa nusu saa. Lakini hilo ni la mwakani. Leo halimzuii chochote.

Je, aweke deb yake kwenye tovuti? Inategemea anataka nini, na hapa ninyi wawili mzungumze kwa uwazi. Kama shida ni mashine za maabara yenu peke yake, hahitaji Debian hata kidogo. Awatengenezee ghala dogo la apt (zana ya Debian ya kusakinisha programu) kwa kutumia zana ya reprepro kwenye seva ya chuo, alitie saini, na mashine zote zitapata matoleo mapya kwa apt upgrade ya kawaida. Hiyo ni kazi ya heshima na atajifunza mengi. Kama programu bado inabadilika kila wiki, Debian pia si mahali pake kwa sasa: toleo imara hutoka takriban kila miaka miwili, na kilichomo hubaki kama kilivyo isipokuwa marekebisho ya usalama na kasoro nzito. Flatpak, mfumo mwingine wa kusambaza programu za Linux, inaweza kumfaa zaidi programu ikiwa na madirisha. Nisichokishauri ni faili la deb lililotupwa peke yake kwenye tovuti, lisilo na ghala wala saini. Watu watalipakua, watalisahau, na siku zlib ikitoboka tena hakuna sasisho litakalowafikia. Ila kama anachotaka ni ufundi wenyewe, na kuwa mmoja wa watu wanaoaminika na distro nzima, basi abaki Debian na abadilishe tu njia ya kuingilia.

Kifurushi kipya ndicho mlango mgumu kuliko yote, na kila mgeni huanza nacho kwa sababu ndicho anachokipenda. Kilicho rahisi zaidi ni kutunza kilichopo. Aweke how-can-i-help kwenye mashine yake: kila anapotumia apt itamtajia vifurushi alivyonavyo mwenyewe ambavyo vimekosa mtunzaji au vina kasoro zilizotengwa kwa ajili ya wageni. Kifurushi yatima kina folda ya debian iliyokwisha kupita ukaguzi, kwa hiyo anajifunza kwa kusoma kazi ya mtu mwingine. Anarekebisha kasoro moja, anaandika mstari mmoja unaoeleweka kwenye debian/changelog, anaomba udhamini wa mabadiliko ya kurasa mbili badala ya msimbo wote. Mdhamini anaweza kukagua hayo jioni moja. Akifanya hivyo mara tatu nne, jina lake halitakuwa geni tena. Pia kile kifurushi cha hali ya hewa akipeleke kwenye timu badala ya kubaki nacho peke yake. Debian Science (ya sayansi) na Debian GIS (ya ramani na data za kijiografia) ni mahali pake, na watu wa timu hudhamini wenzao kwa wepesi zaidi kwa kuwa wanaishi na aina hiyo ya programu.

Wewe sasa, mwalimu, kazi yako ni kukaa pembeni yake. Mwambie afungue kumbukumbu ya ujenzi na akusomee kwa sauti kuanzia kosa la kwanza, si la mwisho, maana wengi hukimbilia mstari wa mwisho ambao hausemi kitu. Muulize "hii inatoka wapi?" hata kama wewe mwenyewe hujui, na umwache atafute. Kwa kila hoja ya mkaguzi awe na jibu moja kati ya mawili: nimerekebisha, au sijarekebisha kwa sababu hii. Hoja iliyorukwa kimya kimya ndiyo huchosha mdhamini akaondoka.

Msaidie pia kusoma barua za kule. Kwetu, barua isiyo na salamu ina hasira ndani yake. Kule mtu anafungua na "Why did you remove this file?" na anauliza kweli, anataka kujua sababu. Kijana akijibu kwa kuomba radhi mara tatu na kulifuta badiliko, amekosa nafasi ya kueleza kwamba alikuwa na sababu nzuri. Kiingereza chake kiwe kifupi na chake mwenyewe. Kipitie, lakini usikiandike upya, la sivyo siku ukiwa safarini hatakuwa na sauti.

Na kuna hili la bando. Kujenga kwenye mazingira safi kunapakua vifurushi vile vile tena na tena, na ndiyo sababu ya kweli inayowafanya vijana wengi waikwepe sbuild bila kuitaja. Weka apt-cacher-ng kwenye seva ya maabara. Kifurushi kitapakuliwa mara moja, kisha wote watakichukua hapo ndani. Ukifanya hilo peke yake utakuwa umeondoa kikwazo kikubwa kuliko ushauri wangu wote.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi hayatatosha. Ikiwa kijana ameongeza msimbo wake kwenye programu hiyo kama sehemu ya mradi wa chuo, nendeni pamoja ofisi inayoshughulikia haki za ubunifu chuoni, muulize nani ni mmiliki kabla hajaandika jina lake kwenye debian/copyright. Wapo Debian wanaojadili leseni vizuri sana, lakini si wanasheria wenu. La pili, akiendelea kukwama kwenye jambo lile lile baada ya kujaribu kwa dhati, mtafutieni mtu aliyewahi kufungasha, wa distro yoyote, akae naye mchana mmoja kwenye mashine moja. Mtu anayetazama mikono yako huona kosa ambalo wewe huwezi hata kuliuliza.

Kwa wiki hii aanze hivi. Ajenge upya kwa sbuild mpaka ipite. Kisha aandike kwenye ombi lile lile la udhamini, asifungue jipya, kwa sababu lina namba yake na historia yote iko hapo. Aseme toleo jipya limepakiwa, ataje kila hoja ya awali na alichoifanyia, aseme limejengwa kwenye mazingira safi ya unstable (tawi la Debian linaloendelezwa), na aulize kama Debian Science wangependa lihamie kwao. Kama picha bado inasubiri jibu la mwandishi, aliseme hilo pia, na aweke kiungo cha swali alilomwandikia.